Matokeo ya Mid Suffolk: viti 24 kati ya 34 havikuokotwa njiani

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Mara kwa mara humu ndani huandikwa kwamba uchaguzi wa madiwani wa Uingereza ni kipimo tu cha hasira za wananchi dhidi ya serikali iliyoko London, na kwamba matokeo ya wilaya za vijijini hayana jipya la kujifunza. Mimi naishi nje kidogo ya mji wa Stowmarket, katika kaunti ya Suffolk, na nilipiga kura katika uchaguzi wa wilaya yetu ya Mid Suffolk wa tarehe 4 Mei 2023, ule alioshinda Chama cha Kijani, ambao wengi huutolea mfano. Naomba niueleze nilivyouona, kwa kuwa naamini umekuwa ukielezwa vibaya.

Nianze na matokeo yenyewe. Halmashauri ya Wilaya ya Mid Suffolk ina madiwani 34 kutoka kata 26. Kata nyingi zina diwani mmoja mmoja, na nane zina wawili wawili. Kura zilipomalizika kuhesabiwa, Chama cha Kijani, kile cha watetezi wa mazingira, kilikuwa na viti 24, Conservative, waliokuwa wakitawala London, 6 na Liberal Democrats 4. Labour, ambao uchaguzi huohuo uliwapa sababu ya kushangilia karibu nchi nzima, hapa kwetu hawakuambulia hata kiti kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza kwa Chama cha Kijani kupata wingi wa viti peke yake katika halmashauri yoyote, bila kuhitaji kuungwa mkono na chama kingine. Ndugu zangu wa Tanzania mniwie radhi: kijani hiki si kile cha CCM mlichokizoea, na huku kwetu chama kilichozoea kutawala huvaa bluu.

Kwa asiyepafahamu, Mid Suffolk si mahali ambapo mtu angetegemea kukuta chama cha namna hiyo. Hakuna chuo kikuu wala wanafunzi wanaoandamana. Kuna mashamba ya ngano, shayiri na viazisukari, makanisa ya mawe yaliyojengwa karne nyingi zilizopita, nyumba za kale zilizopakwa rangi ya waridi, na miji midogo mitatu ya Stowmarket, Needham Market na Eye. Hata ofisi za halmashauri hazimo wilayani. Tangu mwaka 2017 ziko Ipswich, katika jengo la Endeavour House, zinakotumia watumishi walewale pamoja na wilaya jirani ya Babergh. Wilaya hizi mbili ziliwahi hata kuwauliza wananchi mwaka 2011 kama ziungane kabisa; Mid Suffolk wakakubali, Babergh wakakataa, na tangu hapo zinaishi kama wapangaji wanaotumia jiko moja.

Sasa tazameni hesabu ya miaka ya nyuma. Mwaka 2015, halmashauri ilipokuwa bado na viti 40, Conservative walishika 29 na Kijani 5. Mwaka 2019 mipaka ya kata ilichorwa upya na viti vikapunguzwa hadi 34. Conservative wakapata 16, Kijani 12, Liberal Democrats 5 na mgombea binafsi mmoja. Maana yake ni kwamba Conservative walikuwa wameshapoteza wingi wa viti miaka minne kabla, ingawa waliendelea kuongoza. Anayeutazama mwaka 2023 peke yake ataona kimbunga. Anayeziweka pamoja tarakimu 5, 12 na 24 ataona mtu anayepanda ngazi.

Namna ngazi hiyo ilivyopandwa niliishuhudia mlangoni kwangu. Mnamo Februari, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, mama mmoja mtu mzima aligonga mlango akiwa na viatu vya mpira vilivyojaa tope na daftari dogo lililofungwa kwa utepe wa mpira. Hakuniomba kura. Aliniuliza ni jambo gani linanikera mtaani. Nikamwambia kwamba maji ya mvua husimama pale kituo cha basi, na kwamba mimi nikitoka kazini usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hulazimika kutembea katikati ya barabara ili nisilowe. Akaandika. Kisha akanifafanulia kwa upole kwamba mitaro ya barabara ni kazi ya baraza la kaunti, si ya wilaya, lakini angepeleka barua. Akarudi Machi na nakala ya barua hiyo. Akarudi tena Aprili, na safari hii ndipo aliponitajia jina la mgombea wao wa Chama cha Kijani. Vyama vingine viliniletea kipeperushi kimoja kimoja chini ya mlango, kimoja kikiwa na picha ya mtu ambaye sijawahi kumwona hadi leo.

Siku ya kupiga kura nilikwenda ukumbi wa kanisa saa moja na robo asubuhi. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza ambapo mpiga kura kote England alitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022. Nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania. Karani aliisoma jalada, akafungua orodha yake, akaifuata kwa kidole hadi penye maneno ya nchi za Jumuiya ya Madola, akaniomba radhi kwa kunisubirisha na kunikabidhi karatasi ya kura. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kibanda, kama ile ya kaunta za posta za zamani. Nje, mbwa wawili walikuwa wamefungwa kwenye uzio wakiwasubiri wenyewe. Hapakuwa na askari hata mmoja.

Hoja yangu ni kwamba upepo wa kitaifa ulikuwepo, lakini si upepo uliowachagua washindi. Nakaribisha maoni.

Mwananjia

Mkuu, nashukuru kwa maelezo mazuri, lakini bado sijashawishika. Siku hiyohiyo Conservative walipoteza zaidi ya viti 1,000 kote England. Walikuwa wamebadilisha mawaziri wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja, mfumuko wa bei mwezi Machi 2023 ulikuwa bado juu ya asilimia 10, na riba za mikopo ya nyumba zilikuwa zimepaa. Katika hali hiyo hata jiwe lingesimamishwa dhidi yao lingeshinda. Ongeza na mfumo wao wa mwenye kura nyingi kuchukua kiti hata asipofika nusu, ambao huwafanya washindi waonekane wakubwa kuliko walivyo. Kijani kote England waliongeza viti zaidi ya 200 siku ile. Je, nako kote kulikuwa na mama mwenye viatu vya tope?

Mleta mada

Ndugu Mwananjia, swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa kutumia majirani.

Chukua East Suffolk, wilaya tunayopakana nayo, upepo uleule, siku ileile. Mwaka 2019 Conservative walikuwa na viti 39 kati ya 55. Mwaka 2023 walibaki na 15. Umesema kweli, wameanguka. Lakini nani aliokota? Kijani walipata 16, Labour 12, Liberal Democrats 11, na mgombea binafsi mmoja. Hakuna aliyefika nusu, ikabidi waundiwe uongozi wa pamoja. Babergh, wenzetu wa Endeavour House, nako Kijani waliongoza wakiwa na viti 10 kati ya 32, wagombea binafsi wakifuata na 8. Upepo unaeleza kwa nini embe lilidondoka; hauelezi limedondokea kapu la nani.

Kuhusu mfumo wa kura nakubaliana nawe kwamba hukuza ushindi. Ila mfumo huo ndio uliowanyima Kijani viti kwa miongo mingi, kwa sababu chama kidogo chenye kura zilizotawanyika huambulia patupu. Ili ukunufaishe, ni lazima kura zako uzikusanye kata kwa kata, na kazi hiyo haifanywi na televisheni.

Kuna jambo jingine nililolipita haraka kule juu, nalo ni ujenzi. Kinachowagusa watu wa hapa zaidi ya siasa zozote za London ni vibali vya ujenzi. Halmashauri ya wilaya ndiyo inayoamua nyumba zijengwe wapi. Lakini kanuni za serikali kuu zinaitaka ionyeshe kuwa imetenga ardhi ya kutosha kwa mahitaji ya nyumba ya miaka mitano ijayo. Ikishindwa, mjenzi aliyekataliwa kibali hukata rufaa kwa mkaguzi wa serikali kuu akiwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Vijiji kama Thurston vilipangiwa mamia ya nyumba katika muda mfupi, huku wenyeji wakiuliza shule iko wapi, daktari yuko wapi na barabara itabeba vipi magari hayo. Juu ya hapo kuna mpango wa kampuni ya gridi ya taifa wa kupitisha nguzo kubwa za umeme kutoka Norwich hadi Tilbury, zikikatiza mashamba yetu. Mkulima aliyepigia Conservative maisha yake yote, akiambiwa nguzo itasimama nyuma ya ghala lake, husikiliza kwa sikio jingine.

Nasema haya bila kuwapamba. Waliposhinda, Kijani waliokuwa wakipinga vibali wakiwa upinzani wakajikuta ndio wanaoketi kwenye kamati inayovitoa, chini ya sheria ileile. Uongozi wa halmashauri alishika Andrew Mellen, ambaye si mgeni katika siasa za hapa, na sidhani kama hilo lilimshangaza.

Pwani Tulivu

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, na naomba nieleweshwe jambo moja. Kwetu Kenya kaunti ni moja, ina gavana tuliyemchagua na wawakilishi wa wadi, na hakuna baraza jingine chini yake. Sasa huko Suffolk naona kuna kaunti, halafu ndani yake wilaya, na kila moja ina madiwani wake. Gavana wao ni nani? Na huyo mama aliyesema mitaro si kazi yao, hakuwa akikwepa tu?

Mleta mada

Waaleikum salaam, ndugu wa Mombasa. La, hakuwa akikwepa, na ndiyo sababu nilimheshimu.

Suffolk ina ngazi mbili, kwa utaratibu ulioanza tarehe 1 Aprili 1974. Baraza la kaunti hushughulikia shule, barabara, maktaba, zimamoto, na matunzo ya wazee na watoto. Wilaya hushughulikia taka, nyumba za halmashauri, vibali vya ujenzi, leseni na afya ya mazingira. Chini yao kuna mabaraza ya parokia, yanayohangaika na benchi, viwanja vya michezo na makaburi. Gavana hayupo, madiwani huchaguana wenyewe kumpata kiongozi wa halmashauri. Vilevile hakuna mkuu wa wilaya wa kuteuliwa kama kwetu Tanzania. Mkurugenzi ni mwajiriwa wa halmashauri, na madiwani ndio waliomwajiri.

Kinachochekesha ni kodi. Wilaya ndiyo inayotutumia bili na kukusanya fedha, hivyo lawama zote huiangukia. Lakini ukiisoma bili yenyewe mstari kwa mstari, utaona sehemu kubwa inakwenda kaunti, nyingine polisi, nyingine parokia, na wilaya hubakiwa na kijisehemu. Ni kama kondakta wa daladala: abiria wanamgombeza yeye, nauli inakwenda kwa mwenye gari.

Mkaa Mpakani

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na ninaishi Ipswich na familia yangu. Nimesoma uzi huu kwa makini, na sehemu iliyonichoma ni ile ya pasipoti ya Tanzania. Nimelipa kodi ya halmashauri tangu nifike, sijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja, na sina kura. Jirani yangu ni Mnyarwanda aliyekuja baada yangu, naye anapiga kura zote, hata ya wabunge, kwa sababu Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Rwanda haikuwahi hata kutawaliwa na Mwingereza. Watoto wetu wanasoma darasa moja na taka zetu huchukuliwa na gari moja. Naomba wenzetu wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wenye haki hiyo wasiichezee.

Mleta mada

Kaka, pole sana, na umesema jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua kwa miaka minne ya mwanzo. Nilidhani kura ni ya raia wa Uingereza peke yao, na sikuwa peke yangu. Kazini tulikuwa Watanzania wawili na Mkenya mmoja, na hakuna aliyekuwa amejiandikisha. Kwa faida ya wasomaji: raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika chaguzi zote, akiwa mwanafunzi, mfanyakazi au mwenza wa mtu. Pasipoti yake inakubalika kama kitambulisho kituoni. Asiye na kitambulisho chochote kinachokubalika anaweza kuomba hati maalumu ya mpiga kura, nayo hutolewa bure. Mwaka ule wa 2023 Tume ya Uchaguzi iliripoti kwamba watu wasiopungua 14,000 walishindwa kupiga kura vituoni kwa ajili ya kitambulisho. Katika kata ambako kura moja inaweza kuamua mshindi, hiyo si hesabu ya kudharau. Mwaka 2017, kata ya South Blyth huko Northumberland, wagombea wawili wa baraza la kaunti walilingana kwa kura 356, na msimamizi akaamua kwa kuwavutisha mirija, kama bahati nasibu. Aliyeshindwa alikuwa wa Conservative, na kwa mrija huo chama chake kilikosa wingi wa viti katika baraza zima.

Mwananjia

Nakubali nusu, mkuu. Hoja ya East Suffolk ina nguvu. Ila Kijani si malaika wa milango ya watu. Nina ndugu anayeishi Brighton, na huko siku hiyohiyo Kijani waliokuwa wakiongoza walifutwa: Labour walipata viti 38 kati ya 54, Kijani wakabaki na 7. Walilalamikiwa kwa mambo yaleyale ya taka na vyoo vya umma. Kwa hiyo pengine sheria yako ni fupi zaidi: anayetawala huadhibiwa.

Mleta mada

Ndugu yangu, mfano wa Brighton naupokea kwa mikono miwili, kwa sababu unabeba hoja yangu hadi nyumbani. Kama ungekuwa upepo wa kitaifa wa Kijani, ungevuma Brighton kwanza, ambako walikuwa na mbunge tangu mwaka 2010. Badala yake watu wa kule waliwapima kwa mapipa yao, na watu wa huku wakawapima kwa mapipa yao.

Tena usidhani wilaya yetu imegeuka kuwa ngome. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai 2024, Mid Suffolk iligawanywa kati ya majimbo matatu. Upande wa kaskazini, kwenye jimbo la Waveney Valley, alishinda Adrian Ramsay wa Kijani. Stowmarket, iliyounganishwa na Bury St Edmunds, ikaenda Labour, chama ambacho miezi kumi na minne kabla hakikupata hata diwani mmoja wilayani. Jimbo la tatu, la Central Suffolk na North Ipswich, likabaki kwa Conservative. Wapiga kura wa wilaya moja wakapeleka bungeni vyama vitatu tofauti. Watu hawa wanajua vizuri kabisa karatasi ipi ni ya mbunge na ipi ni ya diwani.

Lililobaki ni kwamba halmashauri hii iliyoingia katika historia huenda isidumu. Desemba 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuondoa ngazi mbili katika kaunti kama yetu na kuweka halmashauri za ngazi moja. Suffolk iliwekwa kwenye kundi la kwanza, na uchaguzi wa baraza la kaunti uliokuwa ufanyike Mei 2025 ukaahirishwa. Kaunti ikapendekeza halmashauri moja kwa Suffolk nzima, wilaya zikapendekeza tatu, na kila upande ukatuletea vipeperushi vyenye michoro ya kuonyesha akiba itakayopatikana. Mimi nimevisoma vyote, na nimebaki nikijiuliza ni nani atakayetembea vijiji vyote hivi akiwa na daftari, endapo diwani mmoja atawakilisha eneo kubwa zaidi ya haya tuliyonayo.

Yule mama alipita tena majira ya vuli yaliyopita, na viatu vilevile. Nilimuuliza habari ya mtaro. Akafungua daftari, akanionyesha tarehe za barua alizoandika kaunti, akasema kwamba wakiunganishwa angalau hatakuwa na mahali pengine pa kupeleka barua isipokuwa ofisini kwake mwenyewe. Kisha mvua ikaanza, nikamsindikiza hadi kituo cha basi, na tukapitia katikati ya barabara.